Chumvi Kwenye Vikombe vya Umeme

Nyumbani, 20 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Amekaa mlangoni na cherehani yake akijifanya hana haja na barua hii, lakini kila nikituliza kalamu ananiuliza kama nimeshamtaja. Basi nimemtaja. Goti lake limepata nafuu. Fimbo ameikataa, anasema fimbo ni ya wazee, kana kwamba mimi niliyezaliwa nyuma yake ndiyo kwanza natoka shule.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Sikio langu la kushoto limeziba na la kulia linavuma kutwa kama feni mbovu. Daktari anasema yatarudi taratibu. Na wewe huko kwenye rasi yako, simu yenyewe mpaka upande juu ya paa.

Yaliyotokea ni haya. Tarehe 12 mwezi huu, saa moja na nusu asubuhi, kukiwa na manyunyu, umeme uliruka kwenye vikombe vya kituo chetu. Unavijua, vile vya kaure vinavyoushika waya usiguse chuma. Vikombe vitatu vilipasuka, transfoma moja ikaungua, na mji wote, hospitali ikiwemo, ukakaa siku mbili bila umeme. Mimi nilikuwa hatua kumi na tano kutoka pale. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, ukiacha masikio yangu.

Walipokagua vikombe vilivyobaki walivikuta na ukoko mweupe wa chumvi. Chumvi ikiwa kavu haina neno. Ikilowa, umeme unapita juu yake kama njia ya miguu. Ndiyo maana kazi yangu kwa miaka thelathini na moja imekuwa kuviosha vikombe hivyo, na niliviosha, mpwa wangu. Tarehe 3 Februari, mimi na kikosi changu, kikombe baada ya kikombe, nikaandika kwenye daftari na kutia saini. Sasa imeundwa kamati, na kamati inasema vikombe vilivyooshwa siku tisa tu nyuma haviwezi kuwa na chumvi kiasi kile. Kwa hiyo daftari ni la uongo, na mwenye daftari ni mwongo. Hawajalitamka neno lenyewe, ila mwenyekiti ananiita "mzee wetu" kwa sauti ile ya mtu anayetoa pole.

Nimebakiza miezi mitano nistaafu. Sitaki kutoka na jina hilo.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Bahari iko kilomita sitini kutoka hapa. Jua linaichemsha, mvuke unapanda na chumvi yake, upepo unatuletea. Wewe kazi yako ni kupima hewa ya baharini. Nimekwangua ukoko nikautia kwenye kichupa cha dawa, utakikuta ndani ya kifurushi. Upime, halafu uniandikie karatasi yenye mhuri kwamba chumvi hii imetoka baharini. Sitaki zaidi ya hilo.

Mama yako anasema ule vizuri.

Mjomba wako


Kituo cha hewa, 7 Machi

Mjomba, shikamoo,

Shikamoo na mama pia, popote alipoketi. Mwambie nakula vizuri, na gari la mahitaji linakuja kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Ndilo linaloleta barua zako na ndilo linalozichukua zangu, kwa hiyo nikichelewa usinielewe vibaya.

Nilisoma habari ya masikio yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Hatua kumi na tano, Mjomba. Ungeniandikia hilo mwanzoni kabisa, habari ya fimbo ingefuata.

Kichupa kimefika salama. Lakini kabla ya kupima chochote naomba nikurekebishe, nawe unisamehe, maana tangu nikiwa darasa la pili wewe ndiye uliyekuwa ukinirekebisha mimi. Jua halipandishi chumvi. Mvuke unapanda peke yake. Ukitaka kuhakikisha, chemsha maji ya chumvi kwenye sufuria, funika, kisha uonje matone yaliyoganda chini ya mfuniko. Yatakuwa matamu kama ya mvua.

Chumvi inatokana na mapovu. Wimbi likivunjika linameza hewa, na hewa ile inarudi juu ikiwa mapovu. Povu likifika juu, utando wake unapasuka na kurusha vitone vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Pale lilipokuwa povu panabaki kishimo, maji yanakimbilia kukijaza, yanakutana katikati na kurusha vitone vingine juu. Upepo unavichukua vyote. Njiani maji yanakauka, inabaki punje ya chumvi inaelea, ndogo kuliko vumbi la unga. Nyingine zinaanguka hapahapa ufukweni na kula bawaba za mlango wetu. Zilizo nyepesi zinasafiri siku nyingi, na mvuke wa mawingu unazishika ili upate kuwa matone. Mvua nyingi unayoisikia juu ya bati ilianzia kwenye povu.

Upepo ukiwa mkali bahari inachafuka na chumvi ni nyingi. Bahari ikitulia, karibu hakuna.

Kila asubuhi saa mbili napanda mnarani, natoa karatasi ya chujio yenye ukubwa wa kisosi, naishika kwa kibano nisiitie jasho langu, naweka mpya. Karatasi za siku zote za Februari ninazo. Nitazipima pamoja na kichupa chako, na zile za nyuma zitatuambia bahari ilikuwa ikifanya nini.

Nina maswali mawili tu. Kwanza, kati ya tarehe 3 na 12 upepo kwenu ulikuwa unatoka upande gani? Pili, siku ile mlioshea maji ya wapi?

Nakuombea masikio.

Mpwa wako


Nyumbani, 18 Machi

Bi Vipimo,

Marahaba. Mama yako marahaba na yeye, na anasema umekonda. Nilimuuliza amejuaje kwa barua, akasema mwandiko umekonda.

Tumeichemsha ile sufuria. Nilitia vijiko vinne vya chumvi, mama yako akasema nataka kumtoboa sufuria yake. Tulipofunua mfuniko nikaonja tone, nikamwonjesha na yeye. Hakuna chumvi hata kidogo. Nimekaa kazi hii miaka thelathini na moja nikiwafundisha vijana kwamba jua ndilo linalopandisha chumvi, na hakuna aliyewahi kunibishia. Mambo ya mapovu nimeyapenda. Jana nilikuwa naosha vyombo nikajikuta nimeyakodolea macho mapovu ya sabuni, mama yako akaniuliza kama kichwa nacho kimeumia.

Masikio yanarudi. Leo nimesikia jogoo wa jirani, na sikumkumbuka kwa wema.

Upepo ulitoka baharini, nina hakika. Siku zote unatoka baharini.

Huku mambo yamekaa vibaya. Kamati imemsimamisha kazi dereva wa boza. Yule ndiye anayetuletea maji ya kuoshea. Wewe humjui, amekuja kwetu miaka miwili iliyopita kutoka mbali, mtu mzima wa miaka arobaini, mpole, hana makuu. Wanasema kama vikombe havikuoshwa basi maji hayakuletwa, na kama hayakuletwa basi yeye alitia saini safari ambayo hakuifanya. Ana watoto watatu na mke mjamzito. Nimewaambia maji yaliletwa, nikaapa. Mwenyekiti akasema, "Mzee wetu, tunaheshimu kiapo chako, lakini chumvi haiapi."

Kamati itakaa kikao cha mwisho tarehe 8 Juni. Karatasi yako sasa si yangu peke yangu. Kama chumvi ilitoka baharini, maji yaliletwa, vikombe vilioshwa, na hakuna mwenye kosa ila upepo. Fanya hima, mwanangu.

Mjomba wako


Kituo cha hewa, 21 Aprili

Mjomba, shikamoo,

Najua umesubiri zaidi ya mwezi. Magari mawili yamepita bila barua yangu, na kosa si la magari.

Hapa tu wazima. Mwenzangu wa zamu amejifunza kukata nywele kwa kunikata mimi, kwa hiyo nitakuwa na kilemba mpaka Juni. Mwambie mama kwamba mwandiko wangu umenenepa, aangalie vizuri. Nimefurahi kusikia jogoo amekukera.

Nimepima karatasi za chujio kuanzia tarehe 3 hadi 12 Februari, zote kumi. Nilizipima mara mbili. Siku nane kati ya hizo, Mjomba, upepo ulitoka nchi kavu kwenda baharini, na bahari ilikuwa imelala kama maji ya beseni. Naikumbuka wiki ile, tuliweza kuanika nguo nje zisiwe na chumvi. Siku mbili zilizobaki upepo ulikuwa wa bahari lakini dhaifu. Chumvi niliyoipata ni kidogo sana. Kama hapa, hatua mia moja kutoka kwenye maji, ilikuwa kidogo hivyo, huko kwenu kilomita sitini isingeweza kujenga ukoko kwa siku tisa.

Kichupa chako bado nakishughulikia.

Swali langu la pili hukulijibu. Mlioshea maji ya wapi? Naandika kila kitu kwa utaratibu, na mahali hapo kwenye daftari langu pako wazi.

Msalimie dereva, ingawa hanijui.

Mpwa wako


Nyumbani, 30 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Sote tu wazima.

Barua yako imefika. Sasa unanihoji kama kamati. Nilikuomba karatasi moja, wewe unaniletea hesabu za upepo na maswali ya daftari.

Maji ni maji. Yalikuwa masafi, hayana rangi, hayana harufu, na niliyaonja mwenyewe kama ninavyoyaonja kila mara kabla ya kufungua mpira. Hapa kuna kale kakipimo ka chumvi walikotuletea, ka kutumbukiza kwenye ndoo, sijawahi kukahitaji. Ulimi huu haujawahi kunidanganya. Watu wa kituo wananiletea maji yao niyaonje, waulize.

Labda upepo ulipita juu, haukugusa mnara wako. Umelifikiria hilo?

Mama yako amejifungia na kitambaa cha mtu, hana salamu leo.

Mjomba wako


Kituo cha hewa, 16 Mei

Mjomba wangu, shikamoo,

Sijui nianze vipi salamu, kwa hiyo nitasema tu kwamba nakupenda, na barua hii nimeiandika mara nne.

Nimelifikiria la upepo kupita juu. Nilitaka liwe kweli. Niliketi nalo siku tatu nikilitafutia njia. Haliwezekani, kwa sababu ya kichupa.

Chumvi ya bahari, popote utakapoichota, viungo vyake vimechanganyika kwa kiwango kilekile. Chumvi yenyewe tunayoijua kiasi hiki, magnesi kiasi hiki, chokaa kidogo hivi. Punje iliyozaliwa kwenye povu inabeba mchanganyiko huo hata ikisafiri mbali. Cha kwenye kichupa chako hakifanani nao kabisa. Kina chokaa mara nyingi zaidi kuliko ya bahari. Hiyo ni chumvi ya ardhini, iliyotoka kwenye mawe.

Matokeo hayo ninayo tangu mwisho wa Machi. Nilikuambia nakishughulikia, na kweli nilikuwa nakishughulikia, lakini kwa kukifunga kwenye droo.

Mwaka nilioanza kazi, nilipokuja likizo, nilibeba chupa ya maji ya kisima chetu cha nyuma ya nyumba ili nijifunzie mashine. Vipimo vyake bado viko ukurasa wa sita wa daftari langu. Nimeviweka kando ya vile vya kichupa. Vinalingana, Mjomba, kama saini mbili za mtu mmoja. Na mama aliniambia, siku niliyopanda paani kumpigia mwezi wa pili, kwamba wiki ile bomba la mtambo wa maji lilikuwa limekatika na mtaa wote ulikuwa ukichota kwetu. Sidhani dereva wa boza alijipeleka mwenyewe uani kwetu.

Najua uliyaonja na najua hukudanganya. Nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipofika huku wiki ya kwanza nilidhani maji yao yameharibika. Hayakuwa na ladha yoyote, yalipita kooni kana kwamba sijanywa. Nilizoea. Kisha nikaja nyumbani likizo, mama akanipa maji ya kisima kwenye kikombe changu cha zamani, nikashtuka. Chumvi tupu. Niliyameza nikanyamaza, niliona haya nisionekane nimekwenda pwani nikarudi na maringo. Baada ya siku tatu chumvi ikapotea, yakawa maji tena. Mimi nilikuwa mbali mwaka mmoja. Wewe umeyanywa tangu unazaliwa. Ulimi wako ulisema kweli yake, maana maji yale ndiyo kipimo chake cha kutokuwa na chumvi.

Kwa hiyo mliosha. Daftari ni la kweli na saini yako ni ya kweli. Mpira wenu ulifanya kazi ileile ya mawimbi, ulirusha vitone, vitone vikakauka kwenye kaure, maji yakaenda zake na chumvi ikabaki. Siku tisa baadaye yakaja manyunyu.

Sasa lililo gumu. Kamati yenu imekiandikia kituo chetu barua rasmi, inaomba vipimo vya Februari na matokeo ya kichupa, kwa kuwa wewe mwenyewe uliwaambia kimeletwa kwetu. Mkuu wangu amenipa mimi niijibu. Majibu yatatoka na gari la tarehe 5 Juni. Siwezi kuandika kitu ambacho sikukiona. Nisingetaka pia wasome kutoka kwenye karatasi yangu jambo ambalo wewe hujalisema. Dereva yuko nyumbani bila kazi kwa maji ambayo aliyaleta.

Hii ndiyo barua ngumu kuliko zote nilizowahi kukuandikia, hata ile ya kukataa kusomea umeme.

Mpwa wako


Kituo cha hewa, 4 Juni

Mjomba, shikamoo,

Juzi gari lilikuja safari ya ziada kwa ajili ya mitungi ya gesi, likaenda, na mfuko wa barua haukuwa na yako. Kesho linapita tena, safari yake ya kawaida, na linachukua bahasha ya kamati. Imeshafungwa. Nimeandika nilichopima, sikuongeza neno wala kupunguza. Neno kisima sikuliandika, maana hilo kamati haikuniuliza. Wakiniuliza nitawajibu.

Nilipanda paani kumpigia mama. Alisema huna maneno siku hizi na unakula ukiwa umesimama.

Ukinikasirikia nikasirikie, ila niandikie.

Mpwa wako


Nyumbani, 11 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, marahaba mara zote ulizonisalimia bila kuitikiwa. Mama yako anakusalimu sana. Goti limeanza tena, naye amekubali fimbo, ila anaitumia kuwafukuzia kuku na kunyooshea watu, hasa mimi.

Barua yako ya Mei niliipata tarehe 23. Niliisoma mara moja nikaitia mfuko wa shati, nikamwambia mama yako haijaja. Siku kumi na tano niliibeba. Yeye alikuwa anaufua huo huo mfuko, kwa hiyo ujue alikuwa anajua, akainyamazia.

Nilikukasirikia, sikufichi. Nilijiambia mtoto niliyemshika mkono kumpeleka darasa la kwanza leo ananipima mimi kwenye mashine. Hasira ilinimaliza siku mbili tu. Siku ya tatu nilikwenda kituoni nikatoa kale kakipimo kwenye droo. Kalikuwa bado kamevaa nailoni yake ya dukani. Nikatumbukiza kwenye maji ya mtambo, kisha nikatumbukiza kwenye ndoo ya kisima chetu. Tofauti niliyoiona hata mtu asiyejua kusoma namba angejua kuna jambo. Nilikaa kwenye kigogo pale uani mpaka mama yako akaja kuniuliza kama nimepatwa na kizunguzungu.

Lakini kuna jambo wewe hulijui, na mashine yako haiwezi kulijua. Umenisafisha sana kwenye barua yako, ulimi, mazoea, kuzaliwa. Nami nilikuacha unisafishe. Ukweli ni kwamba siku ile niliambiwa.

Tarehe 3 Februari, bomba la mtambo likiwa limekatika, mimi ndiye niliyemtuma dereva aje kujaza nyumbani kwetu. Alipofika kituoni akashusha mpira, akafungua kidogo, akakinga maji kwenye kiganja na kuyaonja. Akasema, "Mzee, maji haya yana chumvi." Alisema kwa adabu, lakini kikosi chote kilikuwepo. Nikakinga na mimi nikaonja. Nikamwambia, "Ndugu yangu, ulimi wako umeharibiwa na soda. Haya maji yamelea watu." Wote wakacheka. Yeye naye akacheka, akafungua mpira hadi mwisho.

Kakipimo kalikuwa droo ya pili, hatua ishirini kutoka pale tuliposimama. Sikukafuata. Ningekafuata ingekuwa nimekubali kwamba mtu wa juzi anajua maji kuliko mimi. Kwa hilo tu, hospitali ilikaa gizani siku mbili.

Uliponiuliza tuliosha kwa maji ya wapi, mara ya kwanza sikujibu kwa sababu nililiona swali la kipuuzi. Mara ya pili sikujibu kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumsikia yule bwana akisema maneno yale. Nilimsikia kwa masikio haya mabovu.

Jumatatu tarehe 8 nilikwenda kwenye kikao nimevaa suti ya harusi ya mama yako, yaani ile niliyoivaa siku nilipomkabidhi kwa baba yako. Bahasha yako ilikuwa mezani, bado haijafunguliwa. Mwenyekiti alipotaka kuifungua nikamwomba aiache kwanza. Nikasimama nikasema yote. Kisima, amri yangu, dereva alivyonionya, nilivyomchekesha mbele ya watu. Sikulaumu bomba na sikulaumu ulimi. Ilinichukua kama dakika nne, na nilidhani ingenichukua siku nzima.

Wakafungua bahasha yako wakaisoma. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho. Kosa limeandikwa kwa jina langu, na nimeondolewa kwenye uoshaji. Wiki zilizobaki nitakaa stoo mpaka siku yangu ya kuondoka, na sherehe ya kuniaga haitakuwepo. Daftari wameliandika kuwa ni la kweli. Dereva anarudi kazini Jumatatu, na kuanzia sasa hakuna maji yatakayopita kwenye mpira bila kipimo. Nikaomba mimi ndiye niwafundishe vijana kukitumia kabla sijaondoka. Wamekubali.

Nakushukuru, mwanangu. Kama ungeniandikia ile karatasi yenye mhuri niliyoitaka, ningeichukua, ningestaafu na heshima zangu zote, na ningekufa nikiwa mwongo bila mtu kujua. Najivunia wewe kuliko ninavyoweza kuandika, na mama yako hapa anasema niache kulowesha karatasi.

Limebaki moja nikuambie, ndilo lililoninyima usingizi tangu juzi. Nilipomaliza kusema, mwenyekiti alimgeukia dereva, akamuuliza, "Miezi yote hii umekaa hapa unaambiwa hukuleta maji. Ulimwonya mzee mbele ya watu sita. Kwa nini hukusema?"

Akasema, "Niliwaambia nilileta maji. Hilo lingine lilikuwa la mzee kulisema. Nilikuwa namsubiri."

Amenisubiri tangu Februari, mpwa wangu. Kila Jumatatu alikuja kituoni kutia saini ya waliosimamishwa, tukakutana getini, akaniamkia shikamoo, nami nikaitikia.

Mjomba wako